Ufa wa Bomba la Moshi

Mume wangu Amri ana tabia inayoniudhi. Kila mteja akiondoka na mchele wake, yeye huzima injini ya mashine ya kukoboa, eti anabana dizeli. Bomba la moshi lilipopata ufa, akalaumu joto.

Tukamwita Warda, fundi wa hapahapa Ikwiriri. Alisubiri chuma kipoe, akapaka mafuta ya taa, akayafuta, kisha akapaka unga wa chaki. Mafuta yaliyojificha ndani yakailowesha chaki, ufa wote ukaonekana, mwembamba kama unywele. Pale ulipoishia, akakwaruza alama kwa patasi.

"Msiuchomelee kwanza, dada," akaniambia. "Niacheni niupime."

Msimu wa mavuno injini ilinguruma kutwa, bomba likaiva jekundu. Kila Ijumaa, tukizima kwa ajili ya swala, Warda alikuja na chaki yake. Ufa ulisogea kidogo mno, haukufika hata upana wa punje ya mchele. Mavuno yalipokwisha, wateja wakawa wa mmojammoja, Amri akarudia washa-zima yake. Ijumaa iliyofuata, ufa ulikuwa umeiacha alama mbali.

"Kaka Amri, moto peke yake hauliui bomba," Warda akasema. "Linauawa na kupata moto na kupoa, kupata moto na kupoa."

Kisha akatoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa, usiendelee.

Leo mteja ameondoka, mkono wa Amri ukaenda wenyewe kuzima. Akaitazama ile alama, akaurudisha.

Ulimi wangu umemsema miaka yote. Patasi ya Warda imesema mara moja, akasikia.