Shamba la Doyle

Maji ya El Niño yalipokwisha kushuka Golbanti, mwaka wa 1998, hakuna aliyejua shamba la nani liliishia wapi. Mto ulikuwa umefuta mipaka yote. Gasa, yaani baraza la wazee, likafuata desturi: kila mwenye shamba asimame kwenye kipande chake, awataje waliolima hapo kabla yake hadi yule aliyefyeka msitu.

Zamu ya Barnabas ilipofika, Pekeshe, shemeji yake na msemaji wa gasa, alimvuta kando. Alimsihi aseme aliyefyeka ni Mayunga, babu wa baba yake, aliache lile jina la kizungu la ukoo wao. Wapo waliokuwa wakikimezea mate kipande kile cha mpunga, na walitafuta sababu tu.

"Ni jina moja, shemeji. Limeze, ule wali."

"Wali wa Doyle nimeula tangu utotoni. Haujanikwama."

Akaingia topeni. "Mimi Barnabas Doyle. Kabla yangu Josiah Doyle, baba yangu. Kabla yake Doyle, babu yangu. Ndiye aliyefyeka."

Mzee mmoja akauliza kama huyo babu alifyeka na kofia ya Bwana DC kichwani. Watu wakacheka. Barnabas akawangoja wamalize, kisha akawasimulia. Fundi wa injini za boti, mtu wa Ayalandi, alikufa kwa homa hapo kijijini, hana mke wala mtoto. Wiki hiyo Mayunga alipata mwana, akampa jina la marehemu, maana aliona vibaya mtu azikwe ugenini pamoja na jina lake.

Kwenye masomo ya ngumbaru Barnabas alikuwa ameuliza mpaka akajua zaidi, na hayo pia akawaambia. Huko Ayalandi, maana ya Doyle ni mgeni mweusi. Ndivyo wenyeji walivyowaita mabaharia waliowajia kutoka kaskazini, wakapora, kisha wakaoa na kulima.

"Nani leo anawaambia akina Doyle wa kule wahame?"

Wazee wakateta pembeni. Pekeshe akarudi ameinamisha macho: akimtaja Mayunga, shamba lote ni lake, akishikilia Doyle, atapata upande wa chini tu, kwenye matete na viboko.

"Nipeni wa viboko," Barnabas akasema. "Na wajukuu zangu watakaposimama hapa, mtahesabu akina Doyle mpaka mchoke."

Akavua viatu, akachukua panga, akashuka kwenye matete. Pekeshe akamwita arudi, kikao hakijafungwa. Hakugeuka. Tayari alikuwa anafyeka.