Kunyambua Vitenzi Kichwa Kikiwa Wazi

Walimwamsha fuvu likiwa limeshafunguliwa. Alikuwa ameambiwa mapema kwamba itakuwa hivyo: ubongo wenyewe hauhisi maumivu, ngozi imepigwa ganzi, na daktari anahitaji mgonjwa anayezungumza ili ajue pa kukata na pa kuacha. Yote hayo aliyaelewa vizuri siku ile ofisini, akiwa amevaa viatu vyake. Sasa kichwa kilikuwa kimebanwa kwa chuma, hakigeuki hata kidogo, na mashine iliyokuwa nyuma yake ilitangaza mapigo ya moyo wake kwa kila aliyekuwamo chumbani. Hata kuficha woga hakuweza.

"Karibu tena, Mwalimu," daktari alisema kutoka nyuma ya shuka la kijani. "Umelalaje?"

"Vibaya. Kitanda chenu kigumu."

Watu walicheka. Mashine iliendelea kwenda mbio.

Uvimbe ulikuwa upande wa kushoto, umejibanza pale maneno yanapokaa. Daktari alikuwa amemweleza bila kuzunguka: akiondoa kidogo, utarudi upesi, akiondoa kupita kiasi, huenda mgonjwa asiweze tena hata kuomba maji. Mwalimu, ambaye tangu ujana wake aliishi kwa jasho la kufundisha Kifaransa, alijibu, "Toa kila kisicho na maneno." Zoezi alilichagua mwenyewe. Kuhesabu au kutaja siku za wiki kusingefaa, kwa kuwa mdomo huweza kuyasema hayo peke yake, akili ikiwa mbali. Lakini vitenzi vya Kifaransa katika wakati ule wa jambo lililokuwa limekwisha kabla ya jambo jingine hudai akili: kisaidizi kipi, nafsi ipi, mwisho upi.

Msikilizaji alipatikana palepale hospitalini: muuguzi aliyewahi kuketi darasani kwake. Sasa alikuwa karibu na uso wake, kadi mkononi, macho tu yakionekana juu ya barakoa.

"Ukisema 'sawa', pale ni salama, nakata," daktari alimwambia. "Ukisema 'siyo', naweka alama na sipagusi tena. Mimi Kifaransa nilikikimbia shuleni, kwa hiyo masikio yangu ni wewe."

"Nimeelewa, Dokta."

Kadi ya kwanza: mimi, kula.

"J'avais mangé."

"Sawa."

Wewe, kuuza.

"Tu avais vendu."

"Sawa."

Kijiti cha umeme, kinachozima kwa muda kila mahali kinapogusa, kilikuwa kikipita juu ya ubongo wake huku na huku, naye hakuhisi chochote. Afadhali kingeuma, angejua kiko wapi.

Mimi, kuondoka.

"J'avais parti."

Muuguzi aliitazama kadi mara ya pili. "Sawa," alisema.

Kijiti kiliondolewa, na papo hapo Mwalimu akasikia alichokisema. Alikuwa ameweka kisaidizi kisicho chake, avais badala ya étais, kosa alilolizungushia wino mwekundu katika madaftari ya watoto wa watu maisha yake yote. Nyuma ya shuka daktari alikuwa akiomba kifaa cha kukatia.

"Ngoja!" Sauti ilimtoka nyembamba kama si yake. "Usikate, Dokta. Nimekosea."

Mikono ilisimama.

"Sista," daktari alisema polepole, "ulilisikia kosa?"

"Nililisikia."

"Mbona ukasema sawa?"

Muuguzi aliinamia kadi zake. "Ni Mwalimu, Dokta. Sijawahi kumwambia Mwalimu kakosea."

Safari hii hakuna aliyecheka. Jasho lilimtiririka Mwalimu kuelekea sikioni, wala hakuwa na mkono wa kulifuta. Adabu ya binti huyu ilikuwa karibu imnyang'anye ulimi, na mwingine wa kushika nafasi yake hakuwepo.

"Mwanangu, nitazame. Darasani nilikuwaje?"

"Mkali kama pilipili, Mwalimu."

"Basi leo nishinde kwa ukali. Heshima yangu itie mfukoni, utanipa nikitoka humu."

"Sawa."

"Na hilo neno," daktari alisema, "ulitumie kwa uchache."

Kijikaratasi chenye namba kiliwekwa mahali pale, kazi ikaendelea. Kati ya kadi na kadi alisikia mlio wa kunyonya, kama wa mtoto anayemalizia soda kwa mrija. Alijua kinachonyonywa ni nini. Akaendelea kunyambua.

Sisi, kumaliza.

Alijibu mara moja, akajisikia mwenyewe: maneno kamili, safi, kila kitu mahali pake. Kwa mara ya kwanza alishusha pumzi.

"Siyo," muuguzi alisema.

"Nimesema vizuri. Nous avions fini."

"Hivi sasa umesema vizuri. Kwanza ulisema avions, avions, avions, kisha ukanyamaza."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema, Mwalimu."

Daktari alirudisha kijiti palepale. Kadi ileile iliinuliwa. Alijibu kwa utulivu, akasikia jibu zima likitoka mdomoni mwake.

"Siyo," muuguzi alirudia. Safari hii macho hakuyashusha.

Kosa la kwanza alikuwa amelisikia. Haya mawili hayakuwa yameacha hata unyayo.

"Hapa ndipo penye kipande kikubwa kilichobaki," daktari alisema. "Nikikiacha, kitaendelea kukua. Na mara ya kwanza Sista alinidanganya. Nimwamini nani?"

Alikuwa na uhakika wa jibu lake kama alivyokuwa na uhakika wa jina lake. Lakini uhakika huo ulitoka katika nyama ileile iliyokuwa chini ya kijiti.

"Mwamini yeye," alisema. "Weka alama, upaache."