Bibi Yake Jiyuan Alivyotutembeza Chongqing

Sisi wanne tulikuwa wanafunzi wa upimaji ardhi, mwaka wa tatu. Nalisema hili mapema ili aibu yetu ijulikane ukubwa wake. Tulikuwa na simu nne zenye ramani, tulikuwa tumefaulu mitihani yote ya kusoma miinuko, na kabla ya saa nne asubuhi tulikuwa tumepotea kabisa.

Chuo chetu kiko Kaifeng, mji tambarare kama sinia, ambako mtu akikuambia duka liko mbele, liko mbele. Chongqing si hivyo. Unaambiwa duka liko mbele, unafika, unakuta ukingo wa barabara, na duka liko chini ya nyayo zako, ghorofa nane chini. Mwalimu Peng alitupeleka huko kutazama madaraja, na siku ya pili akatuacha tutembee wenyewe. Alitupa masharti mawili: turudi kabla ya chakula cha jioni, na turudi wote.

"Msihangaike na ramani," alisema Tan Jiyuan tulipotoka hotelini. "Mimi huu ni mji wetu. Ukoo wetu wote asili yake hapa."

Jiyuan alikuwa mrefu, mwembamba, na mwenye uhakika wa mambo mengi. Darasani ndiye aliyekuwa akinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Basi tukamfuata, kwa sababu ni nani asiyetaka kutembezwa na mwenyeji? Dapeng alimfuata kwa kuwa aliahidiwa tambi za pilipili, na tumbo la Dapeng halijawahi kukataa ahadi. Shuqin alimfuata huku akipiga picha kila kitu, pamoja na makopo ya taka. Mimi, Ruolan, nilimfuata ili niwepo atakapokosea. Sikusubiri sana.

Mwenyeji wetu alituingiza kwenye jengo moja, tukapanda lifti mpaka ghorofa ya kumi na mbili, tukatoka, na tukajikuta barabarani. Barabara nzima, yenye mabasi na wauza machungwa. Tukavuka, tukaingia jengo jingine, tukashuka ngazi mpaka miguu ikatetemeka, tukatokea barabara nyingine, na simu zetu zote nne zikasema kwa furaha: umefika.

"Tumefika wapi?" aliuliza Dapeng.

"Kwenye mkahawa," alisema Jiyuan.

Mbele yetu kulikuwa na nguzo ya daraja.

"Mkahawa mzuri," nikasema. "Agiza basi, mwenyeji. Mimi naomba bakuli la saruji, pilipili kidogo."

"Ruolan, hebu nyamaza. Nitauliza watu. Hapa ukiongea lahaja yao wanakupokea kama mtoto wa nyumbani."

Akamwendea mama mmoja aliyekuwa akimenya vitunguu saumu mlangoni mwa duka, akakohoa kidogo, kisha akatoa lahaja yake. Ilikuwa na madoido mengi na milio ya puani. Mama yule alisimamisha kisu, akamsikiliza mpaka mwisho kwa heshima, halafu akasema, "Kijana, mimi sikielewi Kikantoni cha watu wa kusini."

Dapeng alicheka mpaka akakaa chini ukingoni mwa barabara. Shuqin alipiga picha. Mimi nilimpongeza Jiyuan kwa mapokezi ya mtoto wa nyumbani, na nikamwuliza ni lini hasa alihama mji huu wa ukoo wake wote.

"Nililetwa hapa nikiwa na miaka miwili," alisema.

"Ukakaa miaka mingapi?"

"Siku chache."

"Aa! Basi lahaja imekukaa vizuri."

Hakucheka. Aligeuka akatazama ile nguzo kana kwamba kweli ilikuwa mkahawa uliofungwa. Kisha akasema polepole kwamba mkahawa haukuwahi kuwepo kwenye mpango wake. Alikuwa akitafuta Ngazi za Laojing, yaani za Kisima cha Kale, mahali bibi yake alipozaliwa na kukulia, kabla hajaolewa na fundi wa reli na kupelekwa Kaifeng. Bibi hakuwahi kurudi. Kwanza nauli haikupatikana, baadaye watoto, baadaye wajukuu, sasa magoti. Jiyuan alitaka apige picha tu, ampelekee.

"Kwa nini hukutuambia?" aliuliza Shuqin.

"Ili Ruolan anicheke kutwa?"

Lilikuwa jambo la kijinga kusema, kwa sababu nilikuwa nimeshamcheka kutwa bila hata kuambiwa.

"Si umpigie simu yeye mwenyewe?" alisema Dapeng kutoka chini. "Halafu tule."

Jiyuan alipiga simu ya video. Kioo kikajaa sikio. Sikio kubwa la kizee, lenye hereni ya jiwe la kijani.

"Bibi, usiweke sikioni. Tazama."

"Yuanyuan! Umekula?"

Yuanyuan! Mwenyekiti wa mijadala ya darasa, mtu aliyewahi kumsahihisha Mwalimu Peng mbele ya wageni, kwao anaitwa Yuanyuan, kama mtoto wa kunyonya. Nilihisi siku imenilipa fidia yangu yote. Lakini sikupata nafasi ya kufurahi, kwa maana bibi alipoambiwa tuko wapi, sikio liliondoka na mahali pake likaja jicho.

"Geuza simu nione. Sio huko, huko! Mbona mmesimama juu ya paa?"

"Hii ni barabara, Bibi."

"Ni paa la mtaa wetu. Shuka. Fuata ukuta, ukifika kwenye sinema kata kushoto."

Tulishuka, tukafuata ukuta. "Bibi, hakuna sinema. Kuna duka la simu."

"Basi kata kushoto kwenye duka la simu. Kwani kushoto nako kumehama?"

Nilimpenda yule bibi papo hapo. Kwa muda mrefu tuliongozwa na mwanamke aliyeketi jikoni kwake Kaifeng, akiongea na mji uliokuwa umebomolewa mara mbili bila yeye kuombwa ruhusa. Soko la samaki lilikuwa saluni. Shule ya wasichana ilikuwa maegesho ya magari. Kila tulipomwambia kitu hakipo, alinuna kama vile sisi ndio tuliokivunja. "Mmetazama vizuri? Nyinyi si ndio mnasomea kutazama ardhi?"

"Tunasomea, Bibi," nikasema.

"Huyo msichana mwenye sauti ya dharau ni nani?"

"Ni Ruolan, Bibi," alisema Jiyuan, na kwa mara ya kwanza siku ile alikuwa na furaha.

Njia ilitufikisha kwenye kibanda cha tambi kilichobanwa kati ya majengo mawili marefu. Dapeng aliagiza kabla hajaona kiti. Mwenye kibanda, mwanamke mnene mwenye aproni nyekundu, alisikia sauti ikitoka kwenye simu, akaacha kukoroga.

"Nani huyo anasema kisima kilikuwa upande wa kulia?"

"Mimi," ilisema simu. "Kilikuwa kulia."

"Kilikuwa kushoto, mama. Mimi nimezaliwa hapa."

"Wewe umezaliwa juzi! Mimi nimechota maji pale kabla mama yako hajajua kutembea. Ukitokea mtoni, kilikuwa kulia."

"Ukitokea mtoni! Sasa nani anatokea mtoni siku hizi?"

Na hapo mwenye kibanda, bila kumwomba mtu ruhusa, aliichomoa simu mkononi mwa Jiyuan na kuondoka nayo, mwiko bado mkono wa pili, akishuka uchochoroni huku wakigombana kwa lahaja ambayo Jiyuan alikuwa amejaribu kuitoa asubuhi. Haikufanana na ile yake hata kidogo. Tukakimbia nyuma yao. Dapeng alikimbia na bakuli.

Tuliwakuta nyuma ya majengo, mahali pa giza kidogo ambapo watu huanika mifagio. Kulikuwa na ngazi za mawe, zimelika katikati kwa nyayo. Zilianza chini kwenye uzio wa ujenzi na kuishia juu kwenye ukuta wa maegesho. Basi. Kipande kilichosahauliwa. Mtu angeweza kupita mara elfu asijue ni kitu.

Mwenye kibanda alikuwa ameinyoosha simu kuelekea ngazi. Sauti haikutoka. Tulidhani mtandao umekatika, mpaka tuliposikia bibi akipumua.

"Mbona ni fupi hivi?" alisema mwishowe.

"Zimekatwa, Bibi," alisema Jiyuan. "Juu na chini."

"Au mimi ndiye nilikuwa mfupi." Jicho likasogea karibu na kioo. "Yuanyuan, panda nione."

Jiyuan aliichukua simu akapanda mpaka ukutani.

"Shuka sasa. Polepole. Nilikuwa na ndoo mbili."

Akashuka polepole, mkono mmoja ameuachia kando, mzito, kama mtu aliyebeba kitu. Akapanda tena. Hakuna aliyemwambia apande tena. Nilikuwa na maneno mazuri sana tayari mdomoni, juu ya mpimaji ardhi aliyefaulu mitihani na kushindwa kubeba ndoo isiyokuwepo. Yalikaa humo humo. Shuqin hakupiga picha hata moja. Dapeng peke yake ndiye aliyeendelea kula, lakini kwa upole, bila kuvuta tambi kwa kelele.

Mwenye kibanda alifuta macho kwa aproni, akadai ni pilipili. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu anayekubali kwa shingo upande, kwamba ukitokea mtoni, ndiyo, kisima kingekuwa kulia.

Tulirudi hotelini baada ya chakula cha jioni. Wenzetu walikuwa wamepanda vigari vinavyoning'inia kwenye kebo juu ya mto, wameona treni ikipita ndani ya jengo, wamekula vitu vilivyowavimbisha midomo. Mwalimu Peng alitukunjia uso, akauliza sisi tumeona nini katika mji huu mkubwa.

"Ngazi," nikasema.

"Ngazi zipi?"

"Fupi, Mwalimu."

Alidhani namkejeli. Nilikuwa nimesema kweli, na adhabu niliipata ileile.

Asubuhi yake Jiyuan aliamshwa na simu ya baba yake iliyokuwa ikipiga kelele hata sisi tuliokuwa kwenye chai tuliisikia. "Umemwambia nini bibi yako? Magoti yale! Ameacha karatasi juu ya friji!" Bibi alikuwa ameshapanda treni.

Tulimkuta stesheni mchana, saa ambayo sisi tulikuwa tunasubiri treni ya kurudi. Alikuwa mdogo kuliko kwenye kioo, amevaa koti la sherehe, ana mfuko wa mayai ya kuchemsha kana kwamba Chongqing hakuna kuku. Alimtazama Jiyuan juu mpaka chini akasema amekonda. Kisha akanigeukia.

"Wewe ndiye yule wa dharau?"

"Ndiye, Bibi."

"Usiache. Lakini kula kitu, sauti inatoka na njaa." Akanitia yai mkononi.

Jiyuan aliomba ruhusa ya kubaki siku mbili. Mwalimu Peng alikataa, akamwangalia bibi, akakubali. Jiyuan akafungua ramani kwenye simu. Bibi akaipiga kofi ile simu, akasema katika mji wake haongozwi na kioo. Akashika njia mbele, magoti na yote, mgongo umenyooka, mjukuu nyuma na mifuko, wakapita chini ya bango kubwa, wakapotelea kwenye umati wakielekea mlango wa kaskazini.

Mtoni ni kusini, na ngazi pia.

Shuqin alifungua mdomo awaite. Nikamshika mkono, nikaendelea kumenya yai langu.