Beseni la Halimon

Baada ya sala ya adhuhuri, Jorina, mfumaji wa sari katika kijiji kimoja cha Tangail, alichemsha maji, akayapoza kwa maji ya bomba, akayapima kwa kiwiko. Tangu ajifungue mtoto wa tatu, bawasiri ilikuwa haimpi raha, na kazi yake ni ya kukaa kutwa. Mkunga alimwambia akae ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu robo saa, mara tatu kwa siku.

Siku ya nne, alipokwenda kuchukua taulo na kurudi nyuma ya pazia la gunia, alimkuta mama yake, Halimon, amekaa ndani ya beseni, sari ameikunja kiunoni. Halimon alikuwa amekufa miaka kumi na mmoja iliyopita.

"Subiri kidogo, mwanangu," alisema. "Ndiyo kwanza naanza kupata nafuu."

Jorina akaketi kiubavu mkekani. Maji yalikuwa yanageuka mekundu.

"Mama, si tuliambiwa ni homa?"

"Homa ilikuja mwishoni. Damu ilinitoka miaka miwili."

"Na wewe kimya!"

"Nimwambie nani? Baba yako? Akiniuliza naumwa wapi, nimwonyeshe?" Halimon akajirushia maji mapajani. "Kumbe nafuu yenyewe maji ya moto tu. Na jiko lilikuwa langu."

Jorina akageuza uso, akalia bila sauti. Kisha akayamwaga yale maji, akachemsha mengine.

Jioni mumewe, Motaleb, aliuliza maji yote yale ya nini.

"Mama alikuja."

"Ungenisalimia. Lakini kuni hizo, mama Rafi, angalia."

Baada ya mwezi Jorina alipona. Halimon hakupona, maana wafu hawaponi. Alikuja kila adhuhuri, na bintiye akamsugua mgongo.

Siku moja jirani yao Sufia akapita kuazima chanuo. Jorina akamsogezea kigoda.

"Acha tu, dada, nasimama." Alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, midomo imemkauka, uzito wote mguu mmoja. "Kila mchana naona moshi kwako. Unapika nini?"

Jorina akamtazama. Neno likamfika kwenye ncha ya ulimi. Nyuma ya pazia, Halimon aliacha kujimwagia maji, akasikiliza.

"Maji ya kumwogesha mtoto," Jorina akasema.

Sufia akapokea chanuo, akashukuru, akaenda zake kwa hatua fupi fupi.