Cha Leo

Jina lake halisi watu walishalisahau. Mji mzima ulimwita Mama Chaleo, maana mteja akiketi tu na kuuliza, "Chakula cha leo hiki?" yeye hujibu kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara: "Cha leo!" Na kweli kilikuwa cha leo. Kilichobaki jioni kilikwenda kwa kuku wa dada yake. Miaka tisa, kiporo hakijawahi kulala kwenye mgahawa ule.

Lakini biashara ya chakula, jamani, isikieni kwa wenzenu tu. Ng'ambo ukafunguliwa mgahawa mwingine, una televisheni na feni mbili, wateja wakahamia huko kutazama mpira. Halafu siku moja mvua ikanyesha kutwa nzima, nusu sufuria ya maharage ikabaki. Mama Chaleo akaitazama. Hivi kuku wana nini hasa, hata wale maharage yaliyoungwa vizuri namna ile? Akafunika.

Asubuhi yalikuwa yameanza kutoa povu. Akayachemsha upya, akakaanga vitunguu na nyanya, akamwaga bizari mpaka pua yake mwenyewe ikadanganyika. Moyo ukamwambia acha. Akauambia moyo unyamaze.

Saa saba mchana akaingia fundi cherehani wa duka la jirani, rafiki wa marehemu mumewe, mteja wake tangu siku ya kwanza. Akanawa mikono, akaketi karibu na jiko.

"Shemeji, cha leo?"

"Cha leo!"

Sauti haikutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo lililomtisha baadaye.

Fundi akala tonge la kwanza, akaitazama sahani, akaendelea. Meza ya pili, dereva mmoja wa lori akaisukuma sahani yake. "Mama, haya maharage yamechacha."

Mama Chaleo hajafungua mdomo, fundi akageuka. "Yamechacha? Hapa? Bwana wewe, ulimi wako ndio umechacha! Mimi nakula hapa mwaka wa tisa!"

Watu wakaangua kicheko. Dereva akainuka, akaenda zake. Mama Chaleo naye akacheka. Alicheka, wallahi! Na fundi akala mpaka akafuta sahani.

Kesho yake cherehani ya jirani haikusikika. Keshokutwa vilevile. Mama Chaleo akapika uji, akaubeba hadi nyumbani kwa fundi. Mke wa fundi akamfungulia mlango, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Anaharisha tangu juzi, dada. Sijui alikunywa maji wapi huko. Afadhali umeleta wewe, maana chakula chako ndicho pekee nisichokitilia shaka."

Mama Chaleo alitamani ardhi ipasuke immeze.

Kitandani, fundi akajiinua kwa kiwiko, midomo imemkauka, lakini utani wake haukumwacha. "Shemeji, cha leo?"

Uji ulikuwa wa leo, tena wa saa ileile. Safari hii hakupaza sauti.

"Uji ni wa leo," akasema. "Yale maharage yalikuwa ya jana yake. Nilijua, shemeji. Nilijua, na nikakupa."

Mke wa fundi akaliweka bakuli la uji chini, akamwangalia kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana.

"Hata mimi nilijua," fundi akasema. "Tangu tonge la kwanza."

"Sasa ulikula ya nini?" Mama Chaleo akauliza.

"Si ulisema cha leo?"

Wala hakukasirika. Heri angemtukana, angalau matusi yana mwisho.

Wiki iliyofuata fundi akarudi kwenye meza yake. Siku hiyo Mama Chaleo alikuwa sokoni tangu alfajiri, na sufuria alizisugua mpaka vidole vikamuuma. Akamwekea sahani, kisha akasimama pale pale, kitambaa mkononi, jibu liko tayari mdomoni.

Fundi akanawa. "Ahsante, shemeji," akasema, akala.

Hakuuliza. Na mpaka leo hajauliza tena.