Uongo wa Mzee Elijah

Nyumbani kwa Mzee Elijah, karibu na soko la Rodi Kopany, chumvi ilitiwa kwenye mboga tu. Kwenye maneno ilikuwa marufuku. Mtoto akirudi kutoka shamba la pamba akasema, "Nimekufa njaa," Elijah, ambaye alikuwa mzee wa kanisa la Sabato, alimtazama toka juu hadi chini akauliza, "Umekufa? Basi anayesema ni nani?" Sahani haikuja mpaka mtoto aseme sawasawa kwamba ana njaa. Ndiyo yenu na iwe ndiyo, Bwana alisema, na Elijah hakuona kwamba Bwana aliacha mwanya wowote. Samaki mkunje angali mbichi: binti yake Zilpah alipofika miaka ishirini alikuwa amenyooka kuliko rula.

Unyofu huo ndio uliomwangusha mtihani. Mwaka 1965 alikuwa akifundisha darasa la pili bila cheti, kazi aliyoipenda kuliko usingizi, na mwalimu mkuu alikuwa amemwambia wazi: asipopata nafasi ya chuo cha ualimu, darasa atapewa mwingine. Akaenda Homa Bay kufanya mtihani wa kuingia chuo. Hesabu alizimaliza mapema. Katika karatasi ya kusoma na kuelewa palikuwa na habari ya mjane aliyelia hadi machozi yakajaa mtungi. Mwandishi ana maana gani? Zilpah akaandika: "Mwandishi anadanganya. Machozi ya mtu mmoja hayajazi hata kijiko." Habari ikasema pia kuwa shemeji wa mjane alikuwa na moyo wa jiwe; Zilpah akajibu kwamba mtu wa namna hiyo asingeweza kuishi. Alipewa sifuri juu ya sifuri. Alikasirika, maana aliadhibiwa kwa kusema kweli.

Alibakiwa na nafasi moja, mwaka uliofuata. Mwalimu Osoro wa darasa la saba, Mkisii Mkatoliki kutoka upande wa Rongo, akajitolea kumsaidia baada ya masomo. Osoro alipenda chai na mzaha. Zilpah, ambaye kwao chai ilihesabiwa pamoja na pombe, alikaa naye akinywa uji.

"Ukisema 'Ombui ni simba', hiyo ni sitiari," Osoro alieleza.

"Ombui ni nani?"

"Mtu yeyote tu."

"Basi si simba."

"Dada, najua si simba! Yeye mwenyewe anajua. Na wewe unayesikia unajua. Sasa nani amedanganywa hapo?"

Zilpah akarudi kwenye uji wake. Osoro akajaribu mlango mwingine.

"Nyinyi Wajaluo mnanishangaza. Nyuzi za nyatiti zikipigwa, mtu anasimamisha mpigaji, anajisifu eti yeye ndiye mvua, yeye ndiye radi. Hiyo pakruok yenu ni sitiari tupu!"

"Hiyo ni ya walevi," Zilpah akasema. "Sisi hatuendi huko."

Majina aliyakariri yote. Tashbihi, tashihisi, chuku, aliyataja kwa mpangilio kama vitabu vya Biblia. Lakini akiulizwa mwandishi alikusudia nini, mkono ulikataa. Aliona anaombwa amtetee mwongo. Osoro alianza kuogopa kwamba ataanguka tena, na hakumficha.

Mwezi wa nane Priscah akafariki. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Elijah. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipokufa, akauza omena ili mdogo wake asome. Mazishi yalikuwa ya Kisabato: nyimbo, sala, mahubiri mafupi, hakuna majigambo wala kukimbiza ng'ombe kama ilivyo mila ya Wajaluo. Elijah alitakiwa asome mstari mmoja akae. Akafungua Biblia, akaifunga.

"Priscah," akasema, "umeondoka na jua. Leo hapa ni usiku, na sioni njia ya kurudi nyumbani."

Nyumba ilikuwa nyuma yake tu, na ilikuwa saa saba mchana. Watu waliangua kilio. Zilpah naye alilia mpaka akaishiwa nguvu.

Baada ya majuma machache ikafika Sabato ya Meza ya Bwana. Siku hiyo, kabla ya mkate, waumini huoshana miguu, wanaume upande wao na wanawake upande wao, na mwenye jambo moyoni hulitoa kwanza. Mchungaji Cephas alikuwa ameshapiga magoti na beseni mbele ya Elijah. Elijah akavuta miguu nyuma.

"Usinioshe, ndugu. Nilisema uongo kaburini kwa dada yangu. Nilisema ni usiku, na ilikuwa mchana. Uzee wa kanisa uchukueni."

Cephas alibaki ameshika taulo. Kesi ya namna hii hakuwahi kufundishwa. Kumwambia mzee kwamba si neno kungekuwa kuyafuta mahubiri ya mzee mwenyewe, ya miaka yote. Mwishowe akamwita mtu ambaye kanisa zima lilijua hasemi uongo.

"Zilpah, wewe ulikuwapo. Baba yako alisema nini?"

"Alisema ni usiku."

"Na ilikuwa?"

"Mchana. Jua lilikuwa linachoma."

Elijah akaitikia kwa kichwa, ameridhika na shahidi wake.

"Kwa hiyo alidanganya," Cephas akasema kwa unyonge.

Zilpah akafungua mdomo aseme ndiyo.

"Alimdanganya nani?" akauliza. Lilikuwa swali la Osoro, na lilimtoka kabla hajalijua. "Sisi wote tulikuwa hapo. Hakuna mtu aliangalia juu. Hakuna mtu aliwasha taa. Tulisikia tu vile anaumia. Kama angesema, 'Dada yangu amekufa, nina huzuni,' hapo ndiyo angetudanganya, kwa sababu hayo yangekuwa madogo kuliko yaliyokuwa ndani yake."

Elijah alimtazama binti yake. Kisha akaiweka miguu yake ndani ya beseni, na machozi aliyoyazuia tangu kaburini yakaanza kudondokea humo. Hayakujaza beseni, lakini Zilpah hakuyapima.

Mtihani ulipokuja, habari ilikuwa ya njaa iliyoingia kijijini ikaketi kwenye kila kizingiti. Mwandishi ana maana gani? Zilpah aliandika kwamba njaa haina matako ya kuketia na mwandishi analijua hilo. Anataka tuione kuwa haikuwa na haraka ya kuondoka. Akapasi.

Januari baba yake alimbebea sanduku hadi kituo cha basi Rodi Kopany. Basi lilipopiga honi, akamkabidhi sanduku.

"Haya, nyara, binti yangu. Nenda. Nyumba itakuwa baridi."

Ilikuwa saa nane mchana. Mbuzi wa sokoni walikuwa wamejificha chini ya meza za wauza nyanya, na kola ya mzee ilikuwa imelowa jasho. Zilpah hakumsahihisha.

"Najua, Baba," akasema, akapanda.