Mtetemo wa Hawajali

Tangu mke wangu Wilhelmina afie zahanati, akisubiri gari la wagonjwa ambalo wakubwa walisema halina mafuta, nyumba yangu hapa Mkolani haikuwa na pumzi nyingine ila yangu. Ndipo Luhaga wa Buhongwa akanipa mtoto wa mbwa. Nikamwita Hawajali, ili mtendaji wa kata akipita asikie ninavyoita.

Alikuwa mdogo, hakui. Lakini nikimlaza kifuani, ndani yake kulikuwa kunanguruma kama paka aliyeshiba. Nikajua anafurahi kuwa na mimi. Miaka miwili hakuna aliyefurahi kuwa na mimi.

Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, daktari wa mifugo, binti mmoja anaitwa Gladness, akamwekea kifuani kile kipimo cha masikioni. Akasikiliza muda mrefu.

"Shikamoo mzee. Huu mtetemo umeanza lini?"

"Marahaba. Hiyo ni furaha, mwanangu. Ananguruma kama paka."

Foleni ikacheka. Jirani yangu Shigela akadakia, "Mzee Nkwabi, wamekupa paka hao!"

Gladness hakucheka.

"Siyo furaha, mzee. Kuna mshipa karibu na moyo, hujifunga mtoto akishazaliwa. Wake haukujifunga. Damu inapita pasipotakiwa, ndiyo inayotetemesha kifua. Asikimbie, asichoke. Dawa yake hasa ni upasuaji."

"Basi mpasueni."

"Hatuna vifaa, mzee wangu."

"Vifaa hamna, magari ya wakubwa kupigia honi mnayo!"

Akaangalia chini. Hakuwa yeye aliyeyanunua, najua, ila wenyewe hawaji kwenye foleni.

Nikaenda moja kwa moja kwa Luhaga anibadilishie. Akanitolea ndugu yake Hawajali, dume nene. Nikamlaza kifuani. Kimya. Moyo wake ulikuwa unafanya kazi yake, hauna habari na mimi.

"Chukua huyo," Luhaga akasema. "Huyo wako hamalizi masika."

"Nikimwacha, utamlaza wapi?"

"Mzee, si mbwa tu huyo!"

"Hata mke wangu waliniambia ni mgonjwa mmoja tu."

Nikamrudishia Luhaga dume lake, nikamfunga Hawajali ndani ya koti, nikashika njia ya Mkolani polepole. Kifua chake kilikuwa kinatetema kwenye kiganja changu, na sasa nilijua ni nini. Sikuondoa mkono.